Mtandao Uliokatika Mama Faith Akifungua Duka

Tusekile Swila hakuwa na desturi ya kuanza kazi akiwa amesimama. Ukimwita ofisini kwako umweleze kwamba waifai imegoma, jambo la kwanza ataomba kiti, la pili chai kama ipo, na la tatu atakuomba wewe na wenzako muendelee na shughuli zenu kama vile yeye hayupo. Wapo waliomwona mvivu kwa hilo. Mnunuzi mmoja wa kahawa kule Mlowo aliwahi kumuuliza kama amekuja kutengeneza mtandao au amekuja kuposwa, naye akamjibu kwamba akitokea mchumba mzuri atasikiliza yote mawili.

Alizaliwa Ikinga, wilayani Ileje, binti wa mzee wa kanisa la Moravian. Baba alitaka awe mwalimu. Yeye alipomaliza kidato cha nne akaenda chuo cha ufundi Mbeya kusomea umeme, na huko akagundua kwamba anapenda nyaya nyembamba kuliko nene. Akahamia Tunduma, kwa sababu Tunduma ndiko zilikojaa ofisi, na ofisi hazikosi matatizo. Jumapili aliimba sauti ya pili kwaya ya kina mama, ingawa hakuolewa wala hakuzaa, na siku za kazi alizunguka na begi lake la mgongoni kutoka Mpemba hadi mpakani. Bwana alimchukua mwaka jana, baada ya figo kumsumbua muda mrefu. Waliopanda milima ya Ileje kuja kumzika, wengi hawakujulikana na familia: mawakala wa forodha, wenye maduka, wasichana wa stendi za mabasi. Kila mmoja alikuwa na habari ya siku Tusekile alipoomba kiti kwake. Hii ni mojawapo, na ilisimuliwa na zaidi ya mmoja.

Ofisi ilikuwa ya Bwana Zahoro, wakala wa forodha, mtaa wa Sogea. Zahoro alikuja Tunduma kijana kutoka Kondoa, akaanza kwa kusindikiza malori ya watu wengine hadi getini, na baadaye Mungu akamjalia jengo lake mwenyewe. Mbele kulikuwa na ofisi, nyuma vyumba viwili vilivyotazama uani. Kimoja kilikuwa stoo. Cha pili, kilichokuwa pia na mlango wa ubavuni wa kutokea barabarani, alikipangisha kwa Enesi, fundi cherehani, mwanamke wa Kinyiha kutoka Itaka, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Faith kwa jina la binti yake. Alishona sare za shule na magauni ya vitenge kwa wateja wa pande zote mbili za mpaka. Mume wake, Luka, alikuwa dereva wa lori, na mwanzoni mwa mwaka ule alifariki kwa ajali ya barabarani.

Sasa, kazi ya forodha siku hizi ni ya mtandao mtupu. Nyaraka za mzigo zinaingizwa kwenye mfumo, majibu yanarudi kwenye mfumo, na lori halisogei hata shubiri mpaka mfumo uruhusu. Kwa hiyo waifai ya Zahoro ilipoanza kukatika, malori ya wateja wake yakaanza kulala kwenye foleni na madereva wakaanza kuuliza kama kuna wakala mwingine.

Kukatika kwenyewe kulikuwa kwa ajabu. Bushra, karani wa pale, angefungua ukurasa wa forodha nao ukakataa katakata, huku simu yake, iliyokuwa kwenye waifai ileile, ikiendelea na maongezi aliyoyaanza asubuhi na dada yake bila kukwaruza. Hapohapo, kwenye meza ya pembeni, kompyuta ya Idrisa ilifungua kila kitu. Kesho yake mambo yaligeuka, ya Bushra ikafungua na ya Idrisa ikagoma. Keshokutwa hakukuwa na tatizo lolote. Idrisa huyo alikuwa mpwa wake Zahoro, mtoto wa dada yake, kijana mchangamfu mwenye mdomo mwepesi, na ndiye aliyekuwa akienda kuzungumza na madereva.

Tusekile aliitwa. Mtandao ule aliufahamu, maana ni yeye aliyeuhamisha Zahoro alipobadilisha kampuni ya intaneti miezi michache nyuma. Alikaa, akanywa chai, akasikiliza, kisha akasema kwamba mtaa umejaa waifai za maduka na zinakanyagana hewani. Akabadilisha mawimbi. Haikusaidia. Akasema basi rauta imechoka, inunuliwe mpya, na Zahoro akanunua bila kunung'unika. Zaidi ya wiki nzima mtandao ukatulia kama maji ya mtungini. Tusekile akampigia Zahoro kumwambia kazi imekwisha, na Zahoro akamwombea dua ndefu kwenye simu.

Siku chache baadaye Zahoro akapiga yeye. "Binti yangu," akasema, "ugonjwa umerudi."

Akaenda tena, safari hii akakaa kutwa nzima. Hakuna kilichokatika. Bushra alifungua ukurasa wa forodha, ukafunguka. Idrisa akafungua, ukafunguka. Akawaomba wafungue kila kitu kwa pamoja, na simu zao juu, na vyote vikaenda.

"Mtandao unamwogopa fundi," Idrisa akasema. "Mjomba akuajiri tu, dada, uwe unakaa hapo mlangoni kama picha."

"Nitakaa," Tusekile akajibu, "ila picha hailetewi chai tupu, inaletewa na maandazi."

Walicheka, lakini Tusekile alifunga begi lake jioni ile akiwa na aibu. Alikuwa ameshasema amemaliza, na hakuwa amemaliza. Bushra akamsindikiza hadi barabarani, na walipofika mahali ambapo kelele za malori zingeyafunika maneno yao, akasimama.

"Dada Tuse, leo usingepata kitu," akasema. "Mama Faith hajafungua."

Tusekile hakuelewa, ikabidi Bushra amweleze polepole. Mtandao ulikatika siku ambazo Mama Faith alifungua duka lake, na siku asizofungua ulikuwa mzima. Mwanzoni waliona ni mzaha. Kisha Idrisa akaanza kulisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja hali ya hewa: kwamba tangu yule mama arudi kazini baada ya msiba, mkosi umeingia nyumbani. Watu wa kanisa, alisema Idrisa, walimzika Luka kwa mapambio na kahawa, mila za kumtakasa mjane wakaziacha, na kifo bado kinamfuata nyuma mpaka kwenye cherehani. Madereva wakaisikia, wakaibeba. Baadhi yao wakawa wanazunguka upande wa pili wa jengo wasipite mbele ya mlango wake. Na Bwana Zahoro, ambaye kila siku alikuwa akiwaambia wayaache maneno hayo, sasa hakuwakanya tena, ila alisema Jumamosi atakwenda kuongea na Mama Faith kuhusu chumba.

"Atamtoa?"

"Atamtoa. Mimi siamini mambo ya mkosi, dada. Lakini nimeona kwa macho yangu. Akifungua, unakatika."

Tusekile alikasirika, na hakuwa mtu wa hasira. Alitaka kurudi pale pale akawaseme wote. Yeye aliyafahamu mambo ya wajane. Mama yake mdogo alinyang'anywa shamba la kahawa na ndugu wa mumewe kabla hata maturubai hayajashushwa. Alipofika kwake Mpemba akafungua Biblia, na alikiri baadaye kwa wenzake wa kwaya kwamba siku ile hakuifungua kwa ajili ya kusali. Alikuwa anatafuta mistari ya wajane ili aende kumsomea Zahoro usoni.

Aliipata, tena mingi. Lakini kadiri alivyosoma, sauti ya Bushra iliendelea kumrudia: nimeona kwa macho yangu. Akaiweka Biblia mapajani. Bushra na Idrisa hawakuwahi kukubaliana hata kuhusu dirisha lifunguliwe au lifungwe. Kama wote wawili, na madereva, na mzee mwenyewe, walisema jambo moja linatokea kila mara jambo jingine linapotokea, basi labda walikuwa wakisema kweli. Sababu waliyoitoa ilikuwa mbaya, lakini walichokiona walikiona. Na yeye, fundi, alikuwa amekaa kutwa nzima akipima mawimbi huku kipimo bora kuliko vyote kikitembea mdomoni mwa watu, naye alipokisikia hakukitaka kwa sababu kilinuka. Akaomba msamaha kwa Mungu kwa kutaka kutengeneza mtandao kwa mahubiri. Kisha akamtumia Bushra ujumbe: siku Mama Faith akifungua, nipigie.

Simu ilikuja Alhamisi asubuhi. Tusekile alipoingia ofisini alisikia cherehani upande wa nyuma ikienda kwa kasi, ikisimama, ikienda tena. Bushra alikuwa tayari amenyanyua mikono juu ya kompyuta yake kama mtu aliyevamiwa. Ukurasa wa forodha ulikuwa umegoma.

Tusekile akavuta kiti. Hapa inafaa kueleza kidogo, maana hata wazee wa Ikinga walipoelezwa walielewa. Kwenye mtandao kila mahali pana namba, kama namba ya simu. Lakini watu hawakumbuki namba, wanakumbuka majina. Kwa hiyo kuna huduma, mafundi huiita DNS, ambayo kazi yake ni moja tu: kompyuta inaiuliza jina, nayo inajibu kwa namba. Ikinyamaza, barabara ni nzima na gari ni zima, ila hakuna wa kukuonyesha nyumba. Mazungumzo ambayo tayari yalishaanza huendelea, kwa sababu simu inaijua namba. Anayetaka kuanza safari mpya ndiye anayekwama.

Tusekile akajaribu kwenda mahali fulani kwa namba. Kompyuta ya Bushra ikaenda. Akajaribu mahali palepale kwa jina. Ikakwama. Mpaka hapo alikuwa na uhakika wa kinachokufa, lakini si wa anayekiua. Akafungua sehemu ambayo kompyuta inaweka kumbukumbu ya nani aliyeipokea ilipoingia kwenye waifai. Maana kompyuta ikijiunga, rauta huipokea kama mgeni: namba yako ni hii, mlango wa kutokea ni ule, na ukitaka majina muulize fulani. Akaisoma ile namba ya mwenyeji mara ya kwanza, akaisoma mara ya pili kwa kidole.

Haikuwa namba ya rauta yake.

Na huyo fulani wa kuulizwa majina alikuwa wa ile kampuni ya zamani, kampuni ambayo Zahoro alishaihama. Kampuni ile ilijibu wateja wake tu. Ukiiuliza kutoka nje, inakaa kimya.

"Humu ndani kuna rauta ya pili," akasema Tusekile.

"Ya pili iko wapi?" Idrisa akauliza. "Tuna hiyohiyo uliyotununulisha."

Tusekile aliinuka. Alichukua simu yake, akafungua kile kipimo kinachoonyesha nguvu ya waifai, akaanza kutembea nacho. Kilichoonekana ni jina moja la waifai ya ofisi, lakini chini yake kulikuwa na mitambo miwili yenye jina hilo na nywila hiyo. Ndiyo maana wakati mwingine Bushra alipokelewa na mmoja na Idrisa na mwingine. Anayewahi kujibu ndiye anayempata mgeni. Mtambo mmoja ulikuwa ule wa mezani. Wa pili ulizidi kupata nguvu kadiri Tusekile alivyosogea nyuma, akapita stoo, akatoka uani, mpaka akasimama mbele ya pazia la mlango wa Mama Faith.

Hapo akasita. Alijua jinsi itakavyoonekana. Waliokuwa wakisema mkosi sasa watasema wizi: kumbe mama yule ameficha mtambo, anaiba intaneti ya watu. Nyuma yake alisikia viatu vya Idrisa vikija. Akageuka akamwomba, kwa upole, arudi ofisini akaendelee kujaribu kompyuta yake na asiache mpaka aitwe. Idrisa akarudi huku akilalamika kwamba sasa amekuwa kipimo.

Tusekile akapiga hodi. Alimsalimu Enesi kwa Kinyiha, kile alichokiokota kwa miaka ya kuimba na Wanyiha, na Enesi akatabasamu kwa matamshi yake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kitambaa cheusi kichwani bado, na miguuni pake kulikuwa na rundo la mashati meupe ya shule. Tusekile akaketi juu ya furushi la vitenge. Hakuuliza kitu. Akampa pole ya Luka, pole iliyochelewa. Kisha akainua macho, akaliona. Juu ya mita ya umeme, kwenye kibao alichokuwa ameweka nyuzi zake, kulikuwa na kisanduku cheupe kimepauka kwa vumbi, taa yake moja ya kijani inapepesa, na waya wake umepanda darini.

"Mama Faith, lile la pale ni la nani?"

"Lile?" Enesi akatazama. "Si lenu? Ni la Bwana Zahoro. Lilikuja na msiba."

Akaeleza. Luka alipofariki, msiba ulikaa uani hapo kwa siku za mwanzo kabla ya kumsafirisha Itaka, kwa sababu ndugu wengi walikuwa wanakuja kutoka upande wa Zambia. Mke wa Zahoro, Bi Mwanamvita, alitoa kila kitu: mikeka, masufuria, jiko la gesi, nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya wazee kulala. Na kwa kuwa kaka mkubwa wa Luka alikuwa Afrika Kusini na hakupata njia ya kuja, Bi Mwanamvita aliagiza mtandao wa ofisi ufikishwe mpaka uani, ili kaka huyo aione ibada kwenye simu. Idrisa akatoa rauta ya zamani stoo, akaiunga kwa waya, akaipa jina na nywila ileile ya ofisi ili wafiwa wasisumbuliwe kuuliza maneno ya siri wakati wanalia.

Msiba ulipokwisha, mikeka ilirudi, masufuria yakarudi. Kisanduku kilibaki juu. Ofisini walidhani kimerudishwa na vyombo vingine. Na hata aliyekumbuka, nani angemwendea mjane kumdai kitu kilichotolewa msibani? Huwezi. Anasubiriwa akirudishe mwenyewe siku moyo wake ukitulia. Enesi naye alikuwa akisubiri waje wakichukue, kwa sababu kukishusha mwenyewe angeonekana anaukataa wema wao. Kwa hiyo kila upande ulikaa kwa adabu ukisubiri mwingine. Kila jioni alipofunga duka, Enesi alishusha swichi kubwa ya umeme kwa kuogopa moto, kisanduku kikazimika. Kila alipofungua, kikawaka.

Tusekile alifunika uso kwa mikono miwili. Enesi akadhani analia, kumbe anacheka, halafu kweli machozi yakamtoka. Waya ule ulikuwa umeingia kwenye swichi ya mtandao ya ofisi katikati ya nyaya nyingine, na siku alipohamisha kampuni aliuona kwa macho yake. Alidhani unakwenda kwenye printa ya stoo, hakuufuata. Akamweleza Enesi hayo yote, na jinsi kisanduku kilivyokuwa kikiwapokea wageni wasio wake na kuwaelekeza kwa kampuni isiyowajibu.

Enesi alisikiliza huku sindano ikiwa imesimama.

"Kwa hiyo ni kweli," akasema. "Nikija, unakatika."

"Ulijua wanavyosema?"

"Nashona ukutani kwao, Tusekile. Ukuta wenyewe ni wa ubao." Akaokota uzi kwenye magoti. "Niliposikia mara ya kwanza nikakaa nyumbani wiki. Unasikia vizuri? Wiki hiyo mtandao haukukatika hata mara moja. Nikasema basi, labda ni kweli. Nikawa nachagua siku. Nakuja nikiwa na sare za kukabidhi tu, nashona haraka, naondoka. Kila nikija, namsikia yule binti anaguna."

Wiki ile ndiyo ile ambayo Tusekile alimpigia Zahoro kumwambia kazi imekwisha. Alilielewa hilo akiwa amekaa juu ya vitenge. Kadiri walivyomsengenya Enesi, ndivyo alivyokuja kwa nadra. Na kadiri alivyokuja kwa nadra, ndivyo walivyozidi kuwa na uhakika.

"Nimetafuta chumba Mlowo," Enesi akaendelea. "Mwenye chumba anasubiri jibu langu. Nilitaka nitoke kabla ya Jumamosi, asinitoe yeye. Wateja wangu wote wako hapa, lakini nitafanyaje."

Tusekile alimwomba asijibu kitu Mlowo kwa muda wa chai moja. Kisha akatoka, akamwendea Bi Mwanamvita nyumbani kwake nyuma ya uzio. Alimtaka yeye kwanza, kabla ya Zahoro, kwa sababu wema ulikuwa wake. Bi Mwanamvita akaja na khanga begani, akasimama chini ya kibao, akatazama kisanduku.

"Hili nililitoa mimi," akasema. "Idrisa ndiye aliyelifunga. Limefanya nini?"

Zahoro akaitwa, na Idrisa, na Bushra akaacha meza akaja bila kuitwa. Chumba kikajaa. Tusekile alimwomba Enesi asiondoke kwenye kiti chake na cherehani isizimwe; alitaka wote waone kwamba yupo na kazi inaendelea. Akaunganisha kompyuta yake kwenye kisanduku. Hakukizima. Aliingia tu kwenye mipangilio yake akakiondolea kazi ya kupokea wageni, kazi ambayo Idrisa alikiachia bila kujua, ili kibaki kuwa tawi la rauta ya mezani na si mwenyeji wa pili. Kazi yenyewe ilikuwa ya kubonyeza mahali pamoja na kuhifadhi. Akamwambia Bushra akatoke kwenye waifai na kuingia upya. Wakasikia hatua zake zikienda, halafu sauti yake kupitia ubao.

"Umefunguka."

Cherehani ilikuwa ikienda.

Akawaambia, basi, kwa maneno machache kadiri alivyoweza. Zahoro aliuliza swali moja tu, kama jambo hili lilianza lini, na Tusekile akasema lilianza walipohama kampuni, kabla ya hapo visanduku vyote viwili vilikuwa vikiuliza majina kwa kampuni ileile kwa hiyo hakuna aliyehisi. Zahoro akatikisa kichwa. Akavua kofia, akaishika mkononi.

"Mama Faith," akasema, "Jumamosi nilikuwa nije kwako."

"Najua ulikuwa unakuja na nini, baba."

"Mwenyezi Mungu amenisitiri nisije. Niwie radhi. Dini yangu inanikataza kuamini yale niliyoanza kuyaamini."

Enesi hakusema amesamehe wala hajasamehe. Bi Mwanamvita alikuwa ameinama kumsaidia kukunja mashati, na aliposikia mumewe anataka kisanduku kishushwe, akasema bila kugeuka kwamba kilitolewa kwa ajili ya msiba wa Luka, na mwenye msiba ndiye atakayesema lini kishushwe. Wote wakamtazama Enesi.

"Kikae," akasema Enesi. "Shemeji alimwona ndugu yake kwa hicho."

Kisha akamgeukia Idrisa, ambaye alikuwa mlangoni. "Wewe mwanangu sina ugomvi na wewe. Uliwaambia madereva. Nenda kawaambie tena."

"Nitawaambia, mama."

"Sasa hivi. Kabla sijapiga simu Mlowo."

Idrisa alimtazama mjomba wake. Zahoro alikuwa anatazama kofia yake. Basi akatoka, akaenda barabarani ambako malori yalikuwa yamepangana kuelekea mpakani, na Tusekile na Enesi wakasimama kwenye kona ya jengo wakamwona akigonga mlango wa lori la kwanza. Dereva, Mzambia mnene aliyekuwa akila muhogo, akainama kumsikiliza. Idrisa alieleza kwa mikono: huku rauta, kule rauta, katikati mtu anayeuliza majina. Alianza kwa Kiswahili, akachanganya Kibemba alichokuwa nacho, akarudia tangu mwanzo. Dereva akauliza kitu. Idrisa akakuna kichwa, akajionyesha kifuani kwa kidole, na dereva akacheka sana, akaita wa lori la nyuma aje asikie.

"Anajitaja mwenyewe," Enesi akasema.

"Afadhali. Angeweza kunitaja na mimi, waya ule niliuruka."

Idrisa alikwenda lori la pili, la tatu, akaendelea kuteremka na foleni mpaka wakawa hawamwoni vizuri kwa vumbi. Wakati huo nyaraka za mzigo wa yule mla muhogo zilikuwa zimeshapita kwenye mfumo, na Bushra alitoka akimpungia asogee. Lori likanguruma. Likapita mbele ya mlango wa duka, karibu kabisa na kizingiti, na dereva akashusha kioo akamwambia Mama Faith kwamba mkewe aliyeko Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anataka gauni la kitenge, atamleta apimwe.

Enesi akamuuliza ni mnene au mwembamba. Dereva akasema ni kama yeye tu. Enesi akasema basi alete na vitambaa vya kutosha.

Ndipo akaingia ndani, akatafuta simu chini ya mashati, akampigia mwenye chumba wa Mlowo. Alimsalimu, akamuulizia watoto, akamshukuru kwa kumsubiri, akamwambia ampe chumba mtu mwingine.